Kuchagua Kigeuzi cha Badala

Kigeuzi ni kipande kidogo kigeuzacho volti za kipimajoto kuwa tarakimu. Kile cha mashine yetu ya kuangulia vifaranga, MCP3208, kiliungua mayai yakiwa ndani. Dukani tulikuta viwili.

ADC0804, chenye biti 8, hugawa volti 5 katika ngazi 256, kila ngazi yapata milivolti 20. Lakini kipimajoto chetu, LM35, hutoa milivolti 10 kwa digrii moja. Basi ngazi moja ni digrii mbili nzima, na mayai yataka 37.5!

MCP3008, chenye biti 10, kina ngazi 1024, yaani nusu digrii. Na miguu yake 16 imepangwa kama ya kile cha zamani. Tulichukua hicho, tukarekebisha programu iliyozoea ngazi 4096.

Wasomaji wapenzi, kabla ya bei ulizeni: Je, chaona tofauti tuitakayo? Je, chaingia mahali pale pale?