Ujiji Nyuma ya Jiwe

Msafiri wa kutoka Unguja, akishashuka gari la moshi Kigoma, ilipokomea reli ya Wajerumani mwaka 1914, hujiona yu ughaibuni hasa, kwani bahari ya huku maji yake ni matamu, mahali pa minazi pamesimama michikichi, na Waha wenye nchi wana lugha yao. Lakini akiiacha Bangwe mkono wa kulia na kushika njia ya Ujiji, mwendo wa maili tano hivi, hustaajabu kukuta nyumba za udongo zenye baraza, na wazee wa kanzu waamkianao kwa Kiswahili, kana kwamba misafara ya Bagamoyo, pamoja na mizigo yake ya shanga na nguo, ilijitwika na mtaa mzima.

Mwongozi wetu, mzee wa Kimanyema, alitupeleka kwanza kwenye jiwe, maana mgeni asiyeonyeshwa jiwe huona amedhulumiwa. Lina ramani ya Afrika iliyochorwa msalaba, nalo lashuhudia kuwa Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 chini ya mwembe uliokuwapo hapo siku hizo. Ziara ya wengi huishia hapo. Mimi sina ugomvi na mabwana wale wawili, ila si insafu mji uliowakirimu utajwe kwa ajili ya maamkizi yao tu, ilhali ulikuwa na soko lake, ambamo chumvi ya Uvinza, mawese na pembe za Manyema zilinunuliwa kwa shanga za sofi, ndizo sarafu ya mahali hapo. Watumwa nao waliuzwa. Mzee hakulificha, kwani, alisema, babu zake hawakuja Ujiji kutembea.

Tulipouliza kwa nini maji yako mbali hivi, alicheka.

“Ziwa ndilo lililohama, mwanangu.”

Na ni kweli. Mlango wake wa pekee, mto Lukuga wa upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani, ziwa likapanda, hata mwaka 1878 maji yakausukuma uzibo na kumiminika, na katika miaka iliyofuata yakapungua kina yapata mita 10. Na kwa kuwa ufuo wa Ujiji ni bapa, mahali walipopakia mitumbwi akina Burton na Speke, waliofika mwaka 1858, leo ni nchi kavu.

Magharibi tulikuwa Bangwe. Mwezi haukuwapo, nao wavuvi, ambao hawavui dagaa penye mbalamwezi, walikuwa wakiwasha karabai zao. Mzee akateka konzi ya dagaa wakavu, akaninusisha, akauliza kama hawa wa kwao wafika Dar es Salaam.

“Wafika, na husifiwa.”

“Kwa bei gani?”

Nilipomtajia, aliwarudisha mkekani mmoja mmoja.