Kigimbi Kikichanika, Weka Mafuta ya Kuchua Kando

Anageuka nyuma kumtafuta aliyempiga teke, na hakuna mtu. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko nyingine zote. Mara nyingi ni mtumishi wa miaka arobaini na ushei: wiki nzima yuko kitini ofisini Mtumba, Mji wa Serikali, Jumamosi asubuhi yuko uwanjani na maveterani. Ni kipupwe cha Julai, upepo wa Dodoma unakata, na hakupasha misuli. Anachomoka kuufuata mpira, goti limenyooka, na kigimbi kinachanika. Mazoezi ya SHIMIWI, michezo ya watumishi wa serikali, nayo hutuletea wagonjwa wa aina hii, wavuta kamba wakiwemo.

Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Wa juu huanzia juu ya goti, na upande wake wa ndani ndio unaochanika mara nyingi. Wa chini umejificha kwa ndani, ukifunikwa na huo wa juu. Huu huumia bila kishindo, hasa kwa wanaopenda kukimbia vilimani: mguu hukaza kidogokidogo, siku baada ya siku.

Shida huanza dakika tano baadaye, jamaa wanapofika na mafuta ya kuchua. Wazuie. Kwa siku mbili tatu za mwanzo vimishipa vilivyokatika bado vinavuja damu, na kuchua, maji ya moto au pombe huzidisha uvujaji. Funga barafu kwenye taulo, weka dakika 15, kisha uirudie baada ya saa kadhaa. Zungushia bandeji ya kuvutika, pandisha mguu juu ya mito. Ukichechemea, tafuta magongo, na usione haya.

Kuna mambo mawili yanayojifanya kuwa mchaniko wa kigimbi. La kwanza ni kukatika kwa kano ya kisigino. Lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, mtu akuminye kigimbi. Unyayo usipocheza, nenda hospitali siku hiyohiyo. La pili ni la hatari zaidi: mguu umevimba na una joto, hukumbuki kuumia popote, na juzi umetoka Dar es Salaam kwa basi, kilomita 450 hivi bila kunyoosha miguu. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na ganda hilo likihamia mapafuni linaua. Hapo unahitaji ultrasaundi, na kifua kikibana au pumzi zikipaa ni dharura.

Mchaniko mdogo hupona kwa wiki 1 hadi 3, wa kati wiki 4 hadi 8, mkubwa miezi 3 au zaidi. Lakini maumivu huondoka mapema kuliko udhaifu, ndiyo maana wengi huumia tena palepale. Kulala tu hakusaidii. Maumivu yakipungua, anza kusimama kwa vidole kwa miguu yote miwili, kisha kwa mmoja. Mguu ulioumia ukiweza kufanya hivyo mara 25 bila maumivu, sawasawa na mwenzake, anza kukimbia polepole penye tambarare. Mbio za kasi zije mwisho.

Wapo wanaoniuliza kama wanaweza kukaa golini kwa muda. Hapana. Kipa naye huchomoka.