Wimbo Aliomzikia Baba Yake

Kuna maneno ambayo ukishayatoa mdomoni unatamani ungeweza kuyarudisha, hata kwa kuyalipia. Mimi ya kwangu niliyatoa kwenye foleni ya Gongo la Mboto, Jumapili moja jioni, tukitokea Kisarawe kwenye dua ya kumkumbuka baba mkwe. Watoto wamelala kiti cha nyuma, usukani kashika mke wangu, na redio ya gari kaiunganisha na simu yake. Ikasikika noti moja ya piano, ikafuata nyingine, taratibu kabisa, na baada ya muda magitaa na ngoma vikaingia kama watu wanavunja banda la mabati.

"Jamani mtani," nikamwambia, "tumetoka kumwombea mzee sasa hivi, we unatuwekea makelele ya watoto wa shule waliopaka wanja?"

Hakucheka. Akanyoosha mkono, akazima. Tukapita Ukonga, tukapita uwanja wa ndege, kimya. Tulipopanda daraja la Tazara ndipo akasema, macho yako mbele barabarani, "Huo wimbo ndio niliomzikia baba."

Ili unielewe mpenzi msomaji, inabidi ujue kwamba mimi ni Mnyamwezi wa Tabora na mke wangu ni Mzaramo wa Kisarawe. Ni watani wa jadi. Wazee wanasema utani huu ulianza zama za misafara, babu zetu waliposhuka pwani na mizigo mabegani wakawakuta babu zao wamekaa kivulini. Ndoa yetu ina miaka tisa na imejengwa kwa kutaniana. Siku nakwenda kupeleka barua ya posa, dada zake walinificha viatu. Kwa hiyo kunyamaza kwake ndani ya gari kulinitisha kuliko ugomvi.

Nilichokuwa nakijua ni hiki: baba yake alifariki Februari 2007, wakati binti yuko mwaka wa kwanza chuoni, Leeds, Uingereza, na hakuweza kuja kuzika. Hayo alinieleza tukiwa wachumba. Lakini siku yenyewe aliishindaje, alikula nini, alikaa na nani, mimi mume mtu sikuwahi kuuliza. Miaka tisa!

Siku mbili zilizofuata waliooa wanazijua. Chakula kipo mezani, shati limenyooshwa, maneno hakuna. Usiku wa tatu, watoto wameshalala, nikachukua laptopu nikamwekea mapajani. "Nionyeshe hao wenye wanja wako," nikasema. Akanitazama kuhakikisha kama natania. Sikuwa natania.

Bendi yenyewe inaitwa My Chemical Romance. Maskani yao ni New Jersey, Marekani, ng'ambo ya mto tu kutoka New York, na ilianza mwaka 2001. Mwimbaji wao, Gerard Way, alikuwa kijana aliyemaliza chuo cha sanaa, anahangaika kutafuta pa kutokea kwenye mambo ya katuni. Septemba 11, 2001 akiwa New York aliona kwa macho yake maafa ya yale majengo mawili. Siku ile ikamgeuza. Akaamua kufanya kitu kingine na maisha yake, akaanzisha bendi. Mdogo wake Mikey akashika gitaa la besi. Muziki wao wengine wanauita pop-panki, wengine imo, wengine roki basi. (Msomaji wa Mwanza usinicheke, panki hii haihusiani na yale mapanki ya sangara.)

Tukaanza na video ya "I'm Not Okay (I Promise)" ya mwaka 2004, yaani mtu anakuapia kwamba hayuko sawa. Nilitegemea damu na mafuvu. Kumbe ni kichekesho! Imetengenezwa kama tangazo la filamu, tena filamu ambayo haipo. Hao jamaa wamevaa sare za shule na tai, wale wababe wa timu ya michezo wanawaonea, nao wanalipiza kwa ujinga ujinga. Gerard wakati ule ana miaka 27, mtu mzima kabisa, anajifanya mwanafunzi anayeogopa kugongwa bega koridoni. Nilicheka kwa sauti. Mke wangu akatabasamu kwa pembeni, nikajua mvua inakaribia kukatika.

Akaweka ya pili, "Helena". Kabla haijaanza akanipa kisa chake. Gerard na Mikey walikuwa na bibi yao, Elena, ndiye aliyemfundisha Gerard kuimba na kuchora. Alifariki Novemba 2003 wakati vijana wako njiani na muziki wao, na wimbo huu ni wa kwake. Video ni msiba kanisani, mwanzo mwisho. Jeneza liko mbele, waombolezaji wamevaa nyeusi, na katikati ya ibada hao waombolezaji wanaanza kucheza, si kucheza kwa aibu, kucheza kwa hatua zilizopangwa. Kisha marehemu, binti mrembo, anafumbua macho, anainuka ndani ya jeneza, anateremka na kucheza peke yake katikati ya viti. Anarudi kulala. Wanabendi wanabeba jeneza kulitoa nje, mvua inanyesha, miavuli meusi inazunguka. Aliyeongoza video zote hizo mbili ni Marc Webb, yule yule ambaye mwaka 2012 alikuja kuongoza filamu ya Spider-Man.

Nikakaa kimya. Kuna kitu kilikuwa kinanigonga kichwani, bado sijakijua jina.

Jamaa hawa, mke wangu akanieleza, hawapendi albamu ya nyimbo zilizokusanywa tu kama nguo za mtumba. Wanataka hadithi. Albamu yao ya 2004, "Three Cheers for Sweet Revenge", waliijenga juu ya kisa cha mwanamume aliyetenganishwa na mpenzi wake kwa kifo, na shetani akampa sharti: niletee roho elfu moja za watu waovu, nami nitakurudishia mwenzio.

"Mimi ningepeleka kama kumi," nikasema, "zilizobaki ningeomba kulipa kwa awamu."

"Najua," akajibu. "Mahari yangu si uliilipa hivyo hivyo?"

Hapo nikajua nimesamehewa. Lakini bado hatujafika kwenye wimbo wenyewe.

Wimbo wenyewe uko kwenye albamu iliyofyatuliwa Oktoba 2006, "The Black Parade", na mimi naiona ndiyo kazi yao kubwa kupita zote. Ni hadithi ya mtu mmoja tu. Hana jina, anaitwa Mgonjwa, na anakufa kwa saratani hospitalini. Wazo lililomo ni kwamba kifo kikija kumchukua mtu kinavaa sura ya kumbukumbu aliyoipenda kuliko zote, na huyu Mgonjwa kumbukumbu yake ni siku baba yake alipompeleka mjini, akiwa mtoto mdogo, kutazama gwaride la wapiga matarumbeta. Basi kifo kinamjia kama gwaride. Bendi nzima imevaa magwanda meusi ya gwaride, na Gerard kakata nywele fupi, kazipaka rangi nyeupe afanane na mtu aliye kwenye matibabu.

Albamu inafunguliwa kwa mlio wa mashine ya kupima mapigo ya moyo. Wimbo unaofuata unampa Mgonjwa habari kwamba ndiyo basi, safari imeisha, na unampa habari hiyo kwa muziki wa furaha kabisa, wa kuruka ruka. Mbele kidogo kuna wimbo wa "Mama" wenye mahadhi ya kumbi za starehe za Ulaya ya zamani, na humo ndani anaimba Liza Minnelli, nyota wa filamu ya Cabaret, aliyekuwa na miaka 60 mwaka ule. Mwishoni kabisa, umeshadhani albamu imekwisha, kinatokea kibao kilichofichwa ambacho hakijaandikwa kwenye orodha, piano ya mzaha mtupu, mgonjwa anawatania madaktari wanaotaka damu yake. Na kwenye maonyesho ya wakati ule Gerard alikuwa anaingizwa jukwaani amelazwa juu ya kitanda cha magurudumu, na gauni la hospitali mwilini.

"Sasa niambie ya Leeds," nikamwambia.

Akaniambia. Simu ilipigwa alfajiri. Kwa taratibu za dini mzee alizikwa alasiri ile ile, kwa hiyo hata kama angekuwa na nauli, na hakuwa nayo, asingewahi. Nje theluji, ndani chumba kidogo. Msichana wa chumba cha jirani alisikia kilio ukutani, na kwa vile kwao hawana mambo yetu ya kwenda kukaa na mfiwa, alishindwa cha kusema. Akagonga mlango, akampa CD yake aliyoipenda, akaondoka mbio kama mtu aliyeiba.

Usiku kaka yake akapiga simu kutoka Kisarawe kumsimulia mazishi. Watu walikuwa wengi. Na mtani mmoja wa kutoka bara, jirani yao wa miaka mingi, alivaa koti la mzee na kofia yake, akashika bakora, akatembea uani kwa ule mwendo wa kuchechemea, anagombeza wajukuu na kudai chai ya maziwa isiyo na sukari. Mama yao alicheka. Mke wangu naye kule Leeds akacheka kwenye simu. Kadi ya simu ikaisha.

"Kule msibani kulikuwa na mtani," akaniambia. "Mimi huku nina kuta nne. Nikawasha ile CD."

Pale ndipo kile kilichokuwa kinanigonga kikapata jina, maana kazi hiyo nami nimeifanya. Mwaka 2011, kwenye msiba wa Mzaramo mmoja tuliyefanya naye kazi, nilivaa kanzu ya marehemu nikajilaza njiani, nikakataa kupisha mpaka nilipwe deni langu la kahawa. Mtani ana ruhusa hiyo, mfiwa hakasiriki, anakutupia sarafu ili umwondokee. Mjane wa yule bwana alikuwa hajalia wala kusema kitu tangu asubuhi, mpaka ndugu wakaanza kuogopa. Aliponiona nakwenda kwa mwendo wa mumewe alicheka, akashika mdomo, na hapo ndipo machozi yalipotoka. Walimshika wanawake watatu. Nilidhani nimeharibu. Shangazi yake alinifuata baadaye akanishukuru.

Sasa hawa vijana wa New Jersey, wanaomnyanyua marehemu acheze kanisani na kumleta mgonjwa jukwaani kwa kitanda, wanafanya nini tofauti? Huko kwao si wote waliowaelewa. Mwaka 2008 gazeti la Daily Mail la Uingereza liliwaandika kana kwamba ni dhehebu la kuabudu kifo, na Mei mwaka huo mashabiki wakaandamana London kupinga. Ukweli ni kwamba hata mimi ningesaini upande wa gazeti, wiki moja kabla ya usiku ule.

Sijawa shabiki wa kuchora jina mkononi. Albamu yao ya kwanza, ya 2002, inaniumiza kichwa, na ile ya 2010, "Danger Days", yenye mashujaa wa jangwani na bastola za rangi kama za watoto, naiona ni katuni zaidi ya muziki. Mke wangu anasema sina akili. Bendi ilivunjika mwaka 2013, ikarudi jukwaani Los Angeles Desemba 2019, na mwaka 2025 walizunguka viwanja vikubwa vya Marekani Kaskazini wakiipiga "The Black Parade" yote tangu mwanzo hadi mwisho. Tarehe hizo zote mke wangu anazo kichwani. Ya kuzaliwa kwangu mimi anakumbushwa na simu.

Mwezi uliopita tulikwenda tena Kisarawe kusafishia kaburi. Kurudi, foleni ni ile ile ya Gongo la Mboto, safari hii naendesha mimi. Nikaunganisha simu yangu, ikaja ile noti moja ya piano. Mkubwa wetu, Nuru, akadakia kutoka kiti cha nyuma kupiga ngoma kwenye mgongo wa kiti changu. Mke wangu akageukia dirishani, akafuta macho na ncha ya mtandio, halafu akanigeukia.

"Baba Nuru, ukitangulia wewe nitakukodia matarumbeta. Yapande pikapu, yakusindikize mpaka Tabora."

"Tabora mbali. Watadai hela ya mafuta."

"Watalipwa kwa awamu."