Kutua Penye Alama

 

Ndege ndogo ipitapo juu ya vilima vya Mbooni, watoto huipungia mikono, na sisi wakubwa husema, "Yule amejua kuruka!" Kumbe kuruka si kugumu sana. Kazi ni kushuka, na kugusa ardhi pale palipochaguliwa.

Kwa kanuni za kimataifa, mtu atakaye leseni ya kurusha ndege kwa malipo sharti awe na miaka 18, na awe ameruka saa 200, au 150 kama amefundishwa katika shule iliyoidhinishwa. Kisha mtahini huketi kando yake. Katika mtihani wa Marekani liko jaribio moja ambalo wanafunzi huliogopa. Ndege ikiwa angani, mkabala na alama iliyochaguliwa kiwanjani, mwanafunzi huipunguza injini mpaka isivute tena. Toka hapo hugeuka nusu duara na kuteleza hewani hadi chini. Magurudumu yaguse penye alama, au mbele yake kwa futi zisizozidi 200, yaani kama meta 60. Akigusa kabla ya alama, hata kwa hatua moja, ameshindwa.

Mbona ukali huu? Kwa sababu siku injini itakapozimika kweli, kabla ya alama huenda pana mtaro, au miti, au ng'ombe wa watu.

Je, rubani ajuaje atafika wapi? Huitazama alama katika kioo cha mbele. Ikipanda kiooni, ndege itapungukiwa. Ikishuka, ataipita. Ikitulia mahali pamoja, ndipo anapokwenda. Hata mtoto aweza kuelewa. Lakini tazameni moyo wa mtu! Akiona anapungukiwa, mkono wataka kuvuta usukani ili pua inyanyuke na ndege isogee mbele kidogo. Hewa huipinga zaidi, mwendo hupungua, nayo huanguka karibu zaidi kuliko kama angeiacha. Akizidi kuvuta, mabawa huacha kabisa kuibeba. Wengi wamekufa hivyo, alama ikiwa mbele ya macho yao.

Hapa kwetu pana jambo jingine. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko futi 5,500 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Saa ya mwendo ikisoma sawasawa na Mombasa, ndege kwa kweli yaenda kasi zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi, nayo hutaka njia ndefu zaidi ya kusimamia. Aliyezoea pwani asipokumbuka hili, ataona ajabu.

Basi hurudia zoezi lile lile, siku ya upepo na siku tulivu, mpaka mkono uache kuvuta. Danieli naye hakuanza kuomba siku amri ya mfalme ilipotolewa. Someni sura ya 6, mtaona ilikuwa desturi yake tangu zamani.

Kutoka Wilson huruka ndege za Madaktari Warukao wa AMREF, kazi iliyoanza mwaka 1957, na za AIM AIR, iliyoanza 1975. Viwanja vingi waendako ni vya vumbi, vifupi, na mbuzi hawajui kanuni. Rubani hupita juu kwanza, akatazama, akachagua alama yake, labda jiwe jeupe. Akiona amekaribia na mambo hayakukaa sawa, hutia nguvu injini na kupaa tena. Waliomleta mgonjwa, wakingoja chini ya mgunga, hudhani wameachwa. Sivyo, ndege yazunguka kilima, yaja mara ya pili.