Tutunze Sahani za Santuri

Baadhi ya nyumba bado zina sahani za santuri walizoacha wazee. Nyingine zimetupwa chini ya kitanda, nyingine watoto huzichezea. Hiyo ni hasara. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, Bara Hindi, akarekodi nyimbo za Kiswahili. Alifariki mwaka 1950, lakini sauti yake ipo. Ipo kwa sababu sahani zilitunzwa.

Tuitazame sahani kwa karibu. Ina mfereji mwembamba unaozunguka toka ukingoni hadi karibu na katikati. Sauti imo humo. Vumbi likiingia, sindano hulisaga na kuukwaruza mfereji. Mkwaruzo huo hauponi.

KUSHIKA: Tushike ukingoni kwa viganja. Mafuta ya vidole hunasa vumbi.

KUSAFISHA: Tuondoe vumbi polepole kwa brashi laini. Kama uchafu umeganda, tutie tone la sabuni ya maji katika maji safi ya mvua. Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi, nayo hubaki mferejini. Tupanguse kwa kitambaa laini tukifuata mzunguko, tusikate mfereji. Karatasi ya katikati isilowe. Kisha tusuuze, tukaushe kivulini. Mafuta ya taa na petroli, hapana! Zile sahani nzito za zamani, zinazovunjika kama kigae, tusizitie spiriti. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, na spiriti huuyeyusha.

KUWEKA: Tuzisimamishe wima kama vitabu, kila moja katika mfuko wake. Zikilazwa, za juu hukandamiza za chini. Sahani za plastiki hupinda kwa joto, basi zikae mbali na jiko na jua la dirishani. Tuziinue juu ya sakafu, mbali na mchwa na unyevu. Wakati wa masika tukague mifuko. Iliyoota ukungu tuibadilishe.

Mtu atauliza, "Sina gramafoni, nitunze ya nini?" Jibu ni hili: fundi mwenye mashine anaweza kuihamisha sauti hiyo hata kwenye simu. Lakini sahani iliyovunjika hana la kuifanya. Huenda ndiyo ilikuwa nakala ya mwisho. Leo jioni tuchungulie chini ya kitanda. Majuto ni mjukuu.