Dune Ndefu Itakuwa ya Nani?

Nimewasikia mashabiki wakitamani toleo refu zaidi la Dune, filamu ya David Lynch ya 1984 kuhusu sayari ya jangwa, litolewe walitazame majumbani. Siwalaumu. Riwaya ya Frank Herbert ya 1965 ni nene, nayo filamu ilibanwa ikawa ya dakika 137; mengi hupita kabla mtazamaji hajayaelewa.

Lakini toleo refu lilikwisha kutoka! Mwaka wa 1988 filamu ilirefushwa kwa ajili ya televisheni, ikawa ya takriban saa tatu, pasipo Lynch. Naye alidai jina lake liondolewe; pakaandikwa Alan Smithee, jina la bandia la waelekezi waliozikana kazi zao.

Walimu wa fasihi, hebu niambieni: mtu akiokota kurasa alizozitupa mwandishi, akazichapisha kwa jina la mwandishi huyo, ametuhifadhia hazina au amemsingizia marehemu? Maana Lynch alifariki Januari 2025, bila kuirudia kazi ile. Vipande vilivyosalia vikiungwa leo, nitavitazama, tena kwa hamu. Ila penye jina la mwelekezi paandikwe la aliyeviunga.