Sindano Tatu za Utotoni, Kinga ya Ini la Utu Uzima

Mama anapompeleka mtoto wa wiki sita zahanati, mtoto hudungwa sindano pajani, hulia kidogo, kisha safari ya nyumbani huanza. Siku hiyo faida ya sindano haionekani kwa macho. Sehemu moja ya faida hiyo huonekana baada ya miaka 30 au 40, pale ambapo mtoto huyo, akiwa sasa baba au mama wa familia, hapatwi na saratani ya ini. Makala haya yanaeleza jinsi chanjo ya utotoni inavyozuia ugonjwa wa ukubwani, na kwa nini jambo hili lina uzito kwa wakazi wa Shinyanga na Geita.

Virusi vinavyokaa kimya

Homa ya ini aina ya B husababishwa na virusi vinavyoishi katika damu na majimaji mengine ya mwili. Mtu huambukizwa kwa njia ya damu, kujamiiana bila kinga, au mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Watoto wadogo pia huambukizana wakiwa nyumbani, kupitia vidonda, michubuko na vifaa vyenye ncha kali vinavyotumiwa na watu wengi. Virusi hivi huweza kubaki hai nje ya mwili kwa muda usiopungua siku saba. Kwa hiyo wembe uliokauka damu si wembe salama. Kwa upande mwingine, ugonjwa huu hauenezwi kwa kupeana mikono, kukumbatiana wala kula sahani moja.

Umri wa kuambukizwa ndio kiini cha habari yote. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi, na chini ya watu 5 katika kila 100 ndio hubaki navyo daima. Mtoto mchanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, hali hugeuka: takribani watoto 90 katika kila 100 hubaki na virusi maisha yao yote. Mtoto huyo hukua, hucheza na kusoma kama wenzake. Ndani ya ini, hata hivyo, mapambano huendelea mwaka hadi mwaka. Ini huumia, hupona kwa kuacha kovu, kisha huumia tena. Makovu hayo hulifanya ini kusinyaa, na baadhi ya seli zake hubadilika kuwa saratani.

Barani Afrika, saratani hii huwapata wengi wakiwa bado katika umri wa kutafuta riziki. Dalili zake, yaani maumivu ya upande wa kulia wa tumbo, kukonda, macho kuwa ya manjano na tumbo kujaa maji, hujitokeza ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Wakati huo tiba huwa ngumu. Katika jamii nyingine tumbo linalovimba huhusishwa na kurogwa. Mgonjwa hupoteza miezi ambayo ingemfaa hospitalini, na wazee wasio na hatia huingizwa katika tuhuma. Chanzo ni virusi vilivyoingia mwilini miaka mingi iliyopita, na si mkono wa jirani.

Ushahidi wa nchi zilizotangulia

Virusi vya homa ya ini B viligunduliwa katika miaka ya 1960 kutokana na kazi ya mwanasayansi Baruch Blumberg wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Chanjo iliidhinishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984. Kati ya mwaka 1981 na 1986, saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa 0.70 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Kufikia kipindi cha 1990 hadi 1994 ilikuwa imeshuka hadi 0.36, takribani nusu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kwamba chanjo inaweza kumkinga binadamu dhidi ya saratani. Barani Afrika, Gambia ilianza mpango wake mwaka 1986, na watoto waliochanjwa wamefuatiliwa hadi utu uzima. Maambukizi ya kudumu yamepungua sana miongoni mwao.

Tanzania ilipofikia

Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto mwaka 2002, Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Tangu mwaka 2009 hutolewa ndani ya chanjo ya pentavalenti, ambayo katika sindano moja hukinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na maambukizi ya bakteria wa Hib wanaoleta kichomi na homa ya uti wa mgongo. Mtoto hupewa dozi tatu, akiwa na wiki 6, 10 na 14, bila malipo.

Waliozaliwa tangu wakati huo, wakikamilisha dozi, wana kinga ambayo wazazi wao hawakuipata. Waliozaliwa kabla, wakiwemo wengi wanaofanya kazi migodini leo, hawakuchanjwa utotoni. Chanjo haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia. Kwa hiyo mtu mzima hupima kwanza, na akikutwa salama ndipo huchanjwa. Anayekutwa na virusi hufuatiliwa na mtaalamu, na dawa za kuvipunguza nguvu zipo.

Kadi isipotee njiani

Katika maeneo ya uchimbaji kama Nyarugusu, Rwamagasa na Mwakitolyo, familia huhama dhahabu inapotokea kwingine. Mtoto aliyepata dozi ya kwanza kijiji kimoja huweza kukosa ya pili na ya tatu kwa sababu mama yupo machimbo mapya. Ieleweke kwamba kituo chochote cha serikali kinaweza kuendeleza chanjo. Mzazi achukue kadi ya kliniki anapohama. Mtoto aliyechelewa hahitaji kuanza upya; huendelea pale alipoishia. Aliyepoteza kadi asione haya wala asikae nyumbani, bali afike kituoni akaeleze.

Yanayosaidia chanjo

Ini lina maadui wengine. Sumukuvu, inayotokana na ukungu katika mahindi na karanga, huongeza hatari ya saratani, na hatari hiyo huzidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mazao yaanikwe juu ya turubai, yakauke vizuri kabla ya kuhifadhiwa, na punje zenye ukungu zisiliwe. Pombe kali nayo huharakisha kuharibika kwa ini.

Kila mtu awe na wembe wake, iwe ni kwa kunyoa au kwa chale. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema na aulizie kipimo cha homa ya ini B, ili akikutwa na virusi mtoto apangiwe kinga tangu kuzaliwa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya mtoto kuzaliwa.

Saratani ya ini hujengeka polepole, na kinga yake huanza mapema. Mzazi anayehesabu wiki 6, 10 na 14 na kuzitimiza zote humwachia mwanawe urithi ambao mtoto huyo ataufaidi atakapokuwa mtu mzima mwenye familia yake.